Weka Tena

Kijana wa kaunta hapa Sib ananiambia: weka tena.
Naweka gumba juu ya kioo.
Mashine inafikiri, inanikataa.
Futa kwanza, mama. Bonyeza.
Nabonyeza. Kioo ni baridi,
starehe yangu ya kwanza tangu alfajiri, naye hajui.
Haisomi, anasema, kwa sauti ya chini,
kama aliyekosa ni yeye.

Vidonge vina rangi ya pichi.
Vinne asubuhi, vinne usiku, baada ya kula.
Daktari alinihesabia mezani kama mtu anayelipa deni.
Nywele zitabaki, alisema,
na mimi, mjinga, nikashukuru nikaondoka mbio.

Mzunguko wa kwanza viganja viliwasha,
nikadhani joto.
Wa pili vikaiva wekundu,
hata Bi Shinuna wa nyumba ya pili akauliza:
hina hiyo, arusi ya nani?
Wa tatu, malengelenge.
Ngozi ikaachia kama ganda la kitunguu,
na nyayo, nyayo usiniulize.
Kutoka kitandani hadi chooni ni hatua kumi na moja.
Nazijua moja moja, kwa majina.

Mimi!
Niliyekuwa nikigeuza chapati kwa vidole vitupu,
mawifi zangu wa Ibra wakisema
Asila hana mikono, ana koleo.
Leo kifungo cha kanzu ya mjukuu kinanishinda.
Pete imo kabatini, ndani ya soksi.

Na Agosti ndiyo hii.
Matangi yako juu ya paa, jua linayachemsha,
bomba la baridi latoa maji ya kunyonyolea kuku.
Basi tunazima hita tangu Mei,
na anayetaka maji ya baridi
hufungua bomba lenye alama nyekundu.
Ndivyo tunavyoishi huku: nafuu imekaa upande wa moto.
Nalikumbuka hilo kila ninapomeza.

Usiku Zahran ananipaka dawa.
Siku ya kwanza alisoma kopo, akavua miwani, akaivaa tena.
Yurea? Hii si ndiyo naitia mitende kule Bidiya?
Tukacheka mpaka nikalia, kisha nikalia tu.
Hasugui, muuguzi amekataza;
anaiweka, anangoja, anaiweka,
mtu aliyeendesha malori ya mafuta miaka thelathini
na hajapata kungoja kitu.
Mwaka huu utazaa, aniambia, na anaangalia pembeni.

Mama yangu hakujua kuandika.
Katika hati ya nyumba ya Wete
limo gumba lake, la wino wa buluu,
mistari yake imezunguka kama maji ya kisima
yaliyoangukiwa na kijiwe.
Hiyo ndiyo saini yake, na hakuna aliyeibishia.
Akanipeleka skuli ili nisije nikatia gumba mahali.
Mama, nimesoma.
Naandika kwa herufi mbili, za kwetu na za huku,
na leo wanataka gumba.

Weka la kushoto, anasema kijana.
Naweka la kushoto.
Nyuma yangu foleni inakohoa.
Basi namgeuzia viganja, vyote viwili, juu ya kaunta,
na yeye anavitazama muda mrefu kuliko mashine.
Hasemi pole. Anavuta kiti chake,
anakipitisha upande wangu, anasimama yeye.

Daktari amepunguza: vitatu, vitatu.
Ngozi itarudi, amesema.
Kama itarudi na mistari ile ile, nilisahau kuuliza,
au sikusahau.

Kijana anaandika kitu, anapiga muhuri.
Rudi baada ya miezi sita, mama, tutajaribu tena.

Miezi sita!
Anavyoitamka, kama kitu kilichokwisha kulipiwa.
Inshallah, namwambia,
na nausukuma mlango kwa kiwiko.